Sauti Iliyopiga Hodi

Kichujasauti kilikuwa kofia nyepesi yenye nyuzi mia tatu za kioo. Kilisikiliza ubongo, kikatambua sauti isiyotoka kinywani mwa mtu yeyote, kikaizima kabla mgonjwa hajaisikia. Mwaka 2091, mjini Same, watu mia nne walikuwa wamepata utulivu kwa kifaa hicho. Aliyekibuni, Mhandisi Namkunda, sasa alimvisha baba yake.

Mzee Elifuraha Mbwambo, mpiga kengele wa kanisa, alikuwa hajala siku tisa. Sauti ilimwambia chakula ni dhambi.

"Tulia, Baba."

"Nimetulia. Ila vinywele vyangu hivi sita usiviunguze."

Kofia ikavuma. Asubuhi mzee aliomba uji; baada ya siku tatu, makande. Namkunda alilia kwa furaha.

Wiki mbili baadaye alimkuta ameketi chini ya kengele, kamba imening'inia.

"Unaumwa, Baba?"

"Siumwi. Miaka arobaini, kila alfajiri nikishika kamba hii, Yeye huniita: 'Elifuraha.' Basi, jina tu. Sasa nasali kama mtu anayeongea na ukuta."

Namkunda alikaa kando yake. "Kifaa hakiwezi kuzitenganisha. Sauti zote mbili hupita sehemu moja ya ubongo."

"Na mwizi na mgeni hupita mlango mmoja. Wewe huwatofautishaje?"

"Mgeni hupiga hodi."

"Haya! Ile ya kunikataza kula iliingia ikifoka. Hii nyingine huniita, ikasubiri niitike. Nisipoitika, haigombi."

Namkunda alitoa kioo chake cha mkononi, kilichoonyesha mistari ya ubongo wa mzee. Alikuwa amekifundisha kifaa kuuliza sauti imepita wapi. Hakukifundisha kuangalia imeingiaje. Kwa siku nane alikifundisha upya: kizime sauti inayoamrisha na kuupeleka moyo mbio, kiiache ile inayosubiri.

"Na kikikosea, ile mbaya ikarudi?" aliuliza, akimvisha tena.

"Tazama sahani yangu. Siku nikiikataa, zima zote, hata nikikulilia. Nimekuruhusu leo nikiwa na akili zangu."

Alfajiri mzee alishika kamba. Kwenye kioo cha mkononi mwa Namkunda, mstari mmoja uliinuka taratibu, ukabaki juu, kama unaosubiri. Kioo kilionyesha mahali sauti ilipopita. Hakikuonyesha ni nani.

Mzee alivua kofia yake ya sufu iliyofunika nyuzi za kioo.

"Karibu," alisema kwa upole, akavuta kamba. Kengele ikalia hadi milimani.

Kisha akageuka, macho yamelowa. "We Namkunda! Umesimama tu? Makande yako wapi?"