Bei Iliyokatwa kwa Kalamu Nyekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia mbele ya duka la mama, nikapanga viberiti na kupangusa vumbi kwenye makopo. Mama aliniita Kasuku, maana mdomo wangu haukupumzika hata nikiwa na ufagio mkononi.

Kisha Duka Kubwa likafunguliwa ng'ambo ya barabara. Sukari yao iliuzwa chini ya bei ambayo mama mwenyewe aliinunulia kwa jumla! Wateja wetu wakahama mmoja mmoja, wengine wakipita mbele yetu wakijifanya wanatazama viatu vyao.

"Mambo yakiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi, mwanangu, nitafunga," mama alisema. Niliogopa sana. Duka lile ndilo lililotulisha na kunisomesha.

Jumamosi moja niliingia Duka Kubwa kuchungulia siri yao. Kila mahali palikuwa na vibandiko: bei ya zamani imekatwa kwa mstari mwekundu, bei mpya iko chini yake. Watu walikuwa wakigombania mabeseni. Kumbe ni hilo tu, nikajiambia.

Siku iliyofuata mama alikwenda kununua bidhaa, akaniachia duka. Mche wa sabuni tuliuuza elfu moja na mia mbili miaka yote. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika 1,500, nikaikata, chini yake nikaandika: "Sasa 1,200 tu!" Kabla ya saa sita miche minne ilikuwa imekwenda. Kichwa kikanivimba.

Ndipo akaingia Mama Fundi, mshonaji wa nguo aliyekuwa mteja wetu tangu sijazaliwa.

"Kasuku, sabuni hii iliuzwa lini elfu na mia tano?"

"Biashara matangazo, Mama Fundi," nilijibu nikicheka.

Yeye hakucheka. "Mimi hununua mche mmoja kila wiki. Ukinidanganya kwa sabuni leo, kesho nitauamini vipi mzani wenu?"

Nikakosa pa kuuweka uso. Nilipogeuka nikamwona mama mlangoni na mzigo wake. Alikuwa amesikia yote. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Aliniagiza nibandue kibandiko, kisha niwafuate wale wanunuzi wanne nikawaambie ukweli. Nilikwenda. Mmoja alirudisha sabuni, mmoja alinicheka hadi machozi, wawili wakasema yamekwisha.

Niliporudi, mama na Mama Fundi walikuwa wamekaa juu ya makreti.

"Hujaujua mchezo wao," mama aliniambia. "Wao hununua lori zima, mimi katoni moja. Sukari wako radhi kuiuza kwa hasara ili uingie tu. Ukishaingia, unatoka na beseni ambalo hukulipanga, na faida yao imo humo. Mimi siwezi kushindana na lori." Akamgeukia mgeni wake. "Hebu niambie dada yangu, kule unakosa nini?"

"Uzi!" Mama Fundi alijibu papo hapo. "Wanauza boksi zima. Mimi nikiishiwa uzi mweusi nataka mmoja, tena saa kumi na mbili asubuhi, wao bado wamelala."

Tangu wiki hiyo tulifungua alfajiri. Sukari tukawaachia wenye malori. Sisi tuliuza uzi mmoja mmoja, sabuni kwa vipande, na kila kitu ambacho wateja walituambia wamekikosa. Mwezi ukaisha, na mama hakufunga duka.

Asubuhi moja Mama Fundi alikuja kununua uzi.

"Mama Fundi," nilimwambia, "asante kwa kunisuta siku ile."

"Haya! Kasuku leo anashukuru kwa kusutwa?"

"Ana haki ya kushukuru," mama alisema. "Mwanangu, mteja wa kuogopa ni yule anayeondoka kimya. Anayekwambia umekosea bado anataka kurudi. Bei nafuu humleta mtu mara moja. Ukweli ndio humrudisha."

Nilimkabidhi Mama Fundi uzi wake kwa mikono miwili.