Mbolea Kando ya Utepe Mwekundu

Kila alasiri, Chapuchapu alirudi kutoka shuleni, akavua sare na kushika kazi za nyumbani. Dada zake walimwita hivyo kwa sababu alimaliza kila kazi haraka, kisha wao wakairudia.

Siku hiyo baba yake, aliyepoteza mguu kwa bomu la ardhini, alimtuma kutia mbolea bustanini.

"Kidogo kidogo kwa kila shina, mwanangu. Usilipue kazi."

Akailipua. Alichimba shimo ukingoni mwa shamba la mahindi, kando ya utepe mwekundu wa hatari, akamwaga mbolea yote, akafukia, akaenda kucheza.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, wategua mabomu walifika na mashine mpya. Walitaka kusafisha shamba kabla ya mvua, ili familia ipande.

"Mashine hii hupeleka nyutroni ardhini, chembe ndogo zisizoonekana," fundi wao, mwanamke wa makamo, alieleza. "Zikikuta naitrojeni nyingi, mionzi hurudi, nasi tunaipima. Baruti ina naitrojeni. Mbolea pia. Je, kuna aliyefukia mbolea hapa?"

"Yote iko bustanini," baba alisema. "Sivyo, mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

Mashine ikalia palepale ukingoni. Wategua mabomu wakalala kifudifudi, wakaanza kuondoa udongo taratibu kwa brashi, jasho likiwatiririka. Saa zilipita. Wingu zito lilipotanda, Chapuchapu hakuvumilia tena.

"Shangazi, ni mbolea! Nimeifukia mimi!"

Fundi alimtazama kwa uchungu. "Asubuhi ulisema haipo. Sasa unasema ipo. Nikikuamini, na chini kuna bomu, nitawaambia nini watoto wa hawa?"

Wakaendelea taratibu vilevile mpaka chembe nyeupe za mbolea zikaonekana. Hapo mvua ikanyesha. Ardhi iliyolowa huvuruga vipimo, basi mashine ikafungashwa.

Walirudi mvua zilipokwisha, wakategua mabomu yote. Shamba likawa salama, lakini msimu wa kupanda ulikuwa umepita. Mwaka huo familia iliomba unga kwa majirani, na Chapuchapu ndiye aliyetumwa kuomba.

Jioni moja baba alimketisha karibu naye.

"Uvivu ningekusamehe siku ileile," alisema. "Lakini wale watu walilala juu ya ardhi iliyonikata mguu, wakatuuliza swali moja tu. Anayeulizwa swali kama hilo hujibu ukweli, hata kama atachapwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba," alijibu, akalia.