Kutu Niliyoipitisha kwa Mkono Wangu

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Wamunyu. Kazi yangu kiwandani ni kupima unene wa rangi kwenye vyuma. Unaweka kifaa kidogo juu ya rangi, namba inatokea, wala hukwaruzi chochote. Kwa miaka tisa nilijisifu kwamba mimi sidanganyiki. Wasomaji wenzangu, majivuno hayo yameniponza!

Kanisa letu lilipotaka stendi ya tanki la maji, kazi alipewa Mutua, ndugu yangu wa pekee. Wazee wakaniomba nikaipime rangi. Kawaida sisi wapimaji hukiona chuma kikiwa kitupu kwanza, kimesuguliwa. Lakini nilipofika, Mutua alikuwa ameshapaka! Nikamwambia akwangue mahali padogo nione chini. Akanuna.

"Dada, hata mimi huniamini?"

Mwaitu, mama yetu, alikuwa pale pale. Akanisihi nisimwaibishe mtoto wake mbele ya wazee. Nikakubali... nikapima. Namba zilikuwa juu kuliko nilivyotarajia. Nikamwonea fahari ndugu yangu, nikasaini.

Ole wangu! Kifaa kile hakijui rangi ni nini. Kinapima tu umbali wa kufikia chuma kizima, na kutu ikiwa katikati inahesabiwa pamoja. Mutua alikuwa amechukua vyuma chakavu akapaka juu ya kutu. Nami nilijua udhaifu huo wa kifaa! Kwa nini namba zile hazikunishtua?

Misimu miwili ya mvua ikapita. Asubuhi moja tanki likiwa limejaa, mguu mmoja wa stendi ukakatika... Mwaitu alikuwa chini akikinga maji, stendi ikamwangukia. Alinusurika, lakini hajasimama tena.

Wazee walipotuita, nilimngoja Mutua aseme ukweli. Hakunitazama hata kidogo.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kupaka. Si dada ndiye aliyepima akasaini?"

Sahihi ni yangu. Tangu siku hiyo Mutua hakanyagi nyumbani, na mimi niliacha kazi nimuuguze mama. Kila asubuhi ananiuliza kama Mutua amekula. Juzi nilipokuwa namgeuza kitandani, alinishika mkono.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini ndugu yako usimsumbue."

Nililia, nikamalizia kumgeuza. Sikuweza kumwambia kwamba Mutua ndiye aliyepaka juu ya kutu.

Ndugu zangu, kazi ya nduguyo ikwangue kabla hujasaini, hata mama akisihi. Afadhali akununie wiki nzima kuliko umgeuze mama kitandani maisha yake yote.