Mitawanda ya Bibi

Kila siku masomo yakiisha, tulisukuma madawati ukutani, naye Mwalimu Zilpah akachora mstari wa chaki sakafuni. Huku jukwaa, kule hadhira.

"Usiwape watu mgongo," alitukumbusha. "Na sauti ifike kwa aliyekaa nyuma kabisa. Zamani watu waliigiza uwanjani, bila ukumbi wala kipaza sauti, na walisikika."

Jumamosi tungeigiza mbele ya wazazi. Ndinda ndiye aliyepewa kuwa bibi mkali wa Mji wa Kale. Ndinda! Babake karani wa bandari ya Kilindini, kwao Machakos. Mimi Yumna, mzaliwa wa Kibokoni, humo humo Mji wa Kale, nikapewa kuwa jirani mwenye maneno manne. Niliyahesabu.

Basi nikaanza kumchunguza.

Jumatatu nilimwona sokoni Marikiti. Bibi yangu, Bi Sheikha, alikuwa akichagua mabiringani, na Ndinda amejibanza nyuma ya rundo la mananasi. Bibi akienda, naye anakwenda. Bibi akisimama kupumua, naye anasimama. Jumanne Ndinda alikaa kwenye baraza ya jirani, macho kwenye mlango wetu.

"Anataka kuiba," nilimwambia Khubaib wa darasa letu.

"Aibe nini kwenu? Paka?"

"Cheka tu. Utaona."

Jumatano mitawanda ya Bibi, vile viatu vyake vya mbao vinavyogonga ko-ko-ko nyumba nzima, haikuwapo mlangoni.

"Bibi, mitawanda imeibwa!"

"Itarudi, mwanangu," alisema akitabasamu, akaendelea kukuna nazi. Nikajisemea, uzee huo.

Alhamisi mkoba wa Ndinda ulikuwa umetuna. Sikungoja. Niliufungua mbele ya darasa zima, mitawanda ikaanguka sakafuni.

"Mwizi!"

Safari hii sauti yangu ilifika nyuma kabisa. Ndinda akatoka mbio akilia.

"Bila yeye hakuna mchezo," Mwalimu Zilpah alisema taratibu. "Una hakika, Yumna?"

"Hakika kabisa, mwalimu!"

Nilirudi nyumbani nimebeba mitawanda kama kombe. Bibi hakuipokea.

"Nimempa mimi, kwa mkono wangu huu. Alikuja na adabu zake, shikamoo bibi, akaomba aangalie ninavyotembea. Kisha akaazima mitawanda ajifunze. Nawe umemwita mtoto wa watu mwizi?"

"Lakini alikuwa akijificha!"

"Mimi nilimwambia ajifiche. Nikijua naangaliwa, natembea kama bi harusi."

"Mbona hukuniambia, Bibi?"

"Ulikuja kuniambia, Yumna. Hukuja kuniuliza."

Alinishika mkono hadi kwa kina Ndinda. Niliomba msamaha mlangoni, macho chini.

"Uliniita mwizi mbele ya darasa zima," Ndinda alisema. "Hapa tuko watatu."

Ijumaa nilisimama kwenye mstari wa chaki mbele ya darasa, mitawanda mkononi.

"Ndinda si mwizi. Bibi yangu ndiye aliyemwazima mitawanda. Mimi nilidhani tu, nikasema. Na nilimwonea wivu."

Hata Khubaib hakucheka. Ndinda, aliyekuwa mlangoni, aliingia polepole, akaipokea mitawanda, akaivaa. Ko-ko-ko, mkono kiunoni, kila hatua ya tano anasimama kupumua na kumtazama mtu kwa jicho la pembeni.

"Wallahi, Bi Sheikha huyo!" Khubaib alipiga kelele, na darasa likaangua kicheko. Mchezo ulikuwa umerudi.

Baada ya mazoezi Mwalimu Zilpah aliniita kando.

"Wiki nzima mlikuwa wawili mnaochunguza," alisema. "Mwenzako aliangalia mpaka akamjua mtu. Wewe ulishaamua yeye ni nani kabla hujaangalia. Usilolijua, uliza kwanza. Jukwaani tukikosea, tunarudia. Jina la mtu ukilichafua, huna marudio, unabaki kuomba akusamehe. Wewe umebahatika, mwenzako amerudi. Nenda kamshukuru."

Nikaenda.