Mstari wa Arobaini na Mbili

Walikutana mlangoni mwa kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, saa ya kubadilishana zamu, toroli za mashuka zikipita mbio. Mwandishi wa miongozo ya programu za kompyuta alikuwa amevaa sketi nyeupe. Jamani, nani huenda kiwandani na sketi nyeupe? Toroli moja nusura imzoe, mkono ukamvuta.

"Dada, hapa anayesimama hufuliwa!"

"Na anayevuta watu asiowajua?"

"Huyo huomba namba ya simu."

Kumbe alikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni yao wenyewe, wa ghorofa ya chini. Programu waliyokiuzia kiwanda ilikuja ikisema "agizo" na "mteja". Akina mama wa kiwandani wanasema "furushi" na "wodi". Kazi ya fundi ni kubadilisha maneno kwenye skrini, kisha kumtumia mwandishi orodha: kushoto neno la zamani, kulia jipya. Naye huyabadilisha kwenye mwongozo. Asipofanya hivyo, skrini inasema lake na mwongozo lake.

Miezi minane walipendana, simu hazina kichwa wala miguu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Bila mimi? Tema!"

Ikafika Jumapili ya fundi kujitambulisha kwa shangazi aliyemlea mwandishi. Shangazi alivaa gauni jipya, akakaa sebuleni, chai ikapashwa moto mara tatu. Fundi hakutokea. Jioni akapiga.

"Nisamehe, mama watoto wangu. Nilikuwa kiwandani. Hawa mama neno halipiti mpaka kila mkono unyanyuke, na kwenye 'furushi' wamebishana tangu asubuhi."

"Basi waoe hao hao."

Akakata. Simu zilizofuata hakupokea, jumbe hakufungua hata moja. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali akiwa amenuna?

Jumatano programu ikaanza kazi. Mwongozo unasema bonyeza Agizo; kwenye skrini hakuna Agizo. Akina mama wakabahatisha. Kufika saa sita mchana, mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yamepelekwa kwingine, na wanawake waliotoka kujifungua wamelalia magodoro matupu. Fundi akaitwa kwa mkurugenzi. Habari zikapanda ghorofa zote: ameulizwa kama alituma orodha, amejibu hakutuma, amefukuzwa.

"Anastahili," mwandishi alisema, akafungua jumbe zake ili apate cha kumlaumia zaidi.

Orodha ilikuwepo. Jumapili, saa mbili usiku. Mistari arobaini na miwili, na ule wa mwisho kushoto umeandikwa "mchumba", kulia pako wazi. Chini yake: *Hili lijaze wewe.*

Alipiga simu mara kumi na moja, haipatikani. Akapanda ngazi kwa mkurugenzi, machozi yanamtiririka.

"Aliituma. Mimi ndiye sikufungua."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimenuna."

Mkurugenzi akavua miwani. "Wazazi wamelalia magodoro matupu kwa sababu wewe umenuna?"

"Ndiyo. Mrudishe kazini."

"Huyo kadanganya, na wewe umezembea. Acha kitambulisho mezani."

Alikimbilia kiwandani. Fundi alikuwa huko, hana kazi wala mshahara, anabandika karatasi pembeni ya skrini, neno la zamani na jipya lake, kwa mwandiko wake. Hakugeuka.

"Kwa nini ulinibebea kosa langu?"

"Wewe una shangazi wa kumtunza. Mimi nina nani?"

"Una mimi."

"Nilikuwa nawe hadi Jumapili. Nimekupigia siku tatu. Siku tatu, mpenzi! Hata mtu aliyekufa hupewa nafasi ya kuagwa. Ule mstari wa mwisho nimeshaufuta."

Kazi imekwenda, na huyu naye anakwenda. Mwandishi akatoa orodha aliyoichapa ofisini, imelowa jasho, akachomoa kalamu mfukoni mwa fundi. Akaandika kulia kwa "mchumba": *mke*. Akaibandika kwenye skrini mbele ya watu wote.

"Kwangu haujafutika. Nimekosa. Nikemee, nitukane, lakini usiondoke."

Fundi akarudia kubandika karatasi zake. Mashine zikanguruma.

Mama msimamizi akaivuta ile karatasi, akaisoma, akajifuta mikono kwenye aproni. "Wenzangu, kuna neno jipya. Utaratibu mnaujua."

Mkono wake ukapanda. Wa pili. Wa kumi. Mwisho hapakuwa na mkono chini ila mmoja.

"Fundi," mama alisema, "tumebaki kukusubiri wewe."

Fundi akamgeukia mwandishi, macho mekundu.

"Chai ya shangazi bado ipo?"

"Imepoa."

"Atanipashia?"

"Atakutukana kwanza."

Akanyanyua mkono.