Aliyefuta Jina la Evelina

Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Evelina, Mama Mageni kwa wenzake, alifungua kwenye simu tovuti ya wanawake waponda mawe wa Masumbwe akakuta jina lake halipo. Majina mengine thelathini yalikuwepo yote. Kesho yake saa nne kamati ya wilaya ingeifungua anwani hiyohiyo mbele ya watu, na asiyekuwemo angeondolewa kwenye rundo la magwangala, yale mabaki ya mgodi wanayoyaponda kutafuta dhahabu. Miaka kumi na moja ya nyundo, mtu ameifuta kwa kidole.

Alimpigia Thobias, wakala wa tovuti wa Shinyanga aliyewaandikishia anwani hiyo mwaka 2019.

"Mama, muda wenu wa kulipia anwani uliisha Januari," alisema Thobias. "Tukawakumbusha, kimya. Tarehe tano Machi ikaachiwa, na saa tatu asubuhi hiyohiyo mtu mwingine akaichukua."

"Nani?"

"Hilo siruhusiwi kusema."

"Na mlimkumbusha nani?"

"Barua pepe mliyoandikisha."

Evelina hakuwahi kuifungua mwenyewe. Ilitengenezwa steshenari kwa rafiki yake Agnetha, kama wafanyavyo wote pale mjini: mwenye duka anakufungulia, nenosiri analiandika kwenye daftari lake, wewe unaondoka zako.

Alianza na Davis, mnunuzi wa dhahabu aliyelimezea mate lile rundo tangu 2017. Evelina alikuwa na tarehe za maudhi yake yote kichwani. Saa nne alimkuta kwenye mzani.

"Umechukua tovuti yetu, Davis?"

Davis alicheka. "Mama Mageni, ningeichukua mimi ningewabakizia hata jina moja? Ningefuta wote nikalale."

Ilimkera kwamba mtu yule alikuwa na hoja. Anayetaka rundo hufuta wote. Huyu alimtaka yeye peke yake.

Basi Rhoda, waliyegombana naye mwaka 2021 kwa sababu ya sehemu ya kukaa pale kwenye rundo. Rhoda aliinua kitochi chake, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. "Mimi na tovuti wapi na wapi? Hiki hata tochi yake imekufa."

Saa nane mchana aliingia steshenari.

"Pole, Mama Mageni, nimesikia," alisema Agnetha.

"Ile barua pepe yetu bado unaifungua?"

"Ile? Nenosiri lilipotea na daftari mwaka juzi. Panya." Agnetha alipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. "Ila na wewe. Watu wanakumbusha mara tatu, wanaongeza na siku thelathini, umekaa tu."

Evelina alivuta kiti. "Nani kakwambia mara tatu?"

"Si wewe?"

"Mimi mwenyewe sijui. Thobias hakunitajia idadi, wala hizo siku."

Mashine ya kutoa kopi iliendelea kutema karatasi. Agnetha aliizima.

"Majina yale niliyachapa mimi, siku nne, kwa vidole hivi. Wewe ukaenda redioni ukasema umeijenga mwenyewe. Mwenyewe, Evelina. Wageni wakija, tuonyesheni Evelina wa tovuti. Mimi nawaletea soda. Ilipokuja barua ya kwanza ya kukumbusha nilitoka kukuita. Ukapita hapo na wale wa kamera, hukunisalimia. Nikaacha siku ziishe."

"Ukaamua kunitoa kwenye riziki yangu."

"Niliamua ulitafute jina lako mahali ulipofanya kazi, ulikose. Uone linavyouma."

"Naenda polisi."

"Nenda. Muda uliisha, nikailipia. Utawaambia nimeiba nini?"

Evelina, aliyekumbuka kila aliyewahi kumdharau, alitafuta kichwani siku ile ya redio. Alikuwa na hakika alisema "tumejenga". Alilitafuta neno hilo muda mrefu. Halikuwepo.

"Rudisha jina langu," alisema.

"Nalirudisha sasa hivi. Anwani inabaki yangu. Na kesho wakiuliza ni ya nani, utajibu wewe."

Alhamisi, saa nne na robo, karani wa kamati alisoma majina thelathini na moja. La Evelina lilikuwa la mwisho. Kisha akainua macho.

"Na tovuti hii ni ya nani?"

Rhoda na wenzake wakamgeukia Evelina kwa mazoea. Akasimama. Wivu ulimpanda kifuani kama kiungulia.

"Ni ya Agnetha," alisema, na ikambidi aseme tena, kwa sababu mara ya kwanza hakusikika.