Fomu ya Kutangaza Uhusiano

Siku ya mwisho ya kupokea pingamizi za kodi ya majengo, ukumbi wa manispaa ulifurika watu hadi ngazini. Wakili alikuwa katikati ya wazee wake kumi na mmoja, suti yake ya samawati imejikunja, kiatu kimoja kakivua chini ya benchi kwa jinsi kilivyombana. Makarani walimwita Bibi Pingamizi. Zile siku thelathini za kupinga hazikuwahi kumpita hata mara moja, na kila mteja alimfundisha neno lilelile: "Kabla hujalalamika, omba uone jalada lako. Ni haki yako."

Mara akapita mthamini mmoja mrefu, mikono ya shati jeupe imekunjwa, futi ya chuma kiunoni, vumbi hadi magotini.

"Samahani, kaka! Ni wewe uliyeandika banda la kuku la mzee huyu kuwa chumba cha kulala?"

Mthamini akaitazama karatasi. "Kuku nao hulala, wakili."

Wazee wakaangua kicheko. Wakili alijitahidi kununa, akashindwa.

"Nitakwenda kupima upya leo hii," mthamini akasema, sasa bila mzaha. "Ila vaa kiatu, dada. Sakafu ina baridi."

Jioni alipiga simu: banda limefutwa. Kesho yake akapiga tena, na safari hiyo hakuwa na habari yoyote ya banda.

Miezi minne simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula majalada."

"Basi shuka, niko mlangoni na chakula cha binadamu."

Jumapili moja wakili akampeleka kwa mama yake, fundi cherehani aliyekuwa akishonea barazani. Mthamini alikuja amenyoosha shati hadi kola inakata. Akanywa chai vikombe vitatu, akausifu ukuta wa baraza. "Mama, ukuta huu umenyooka kuliko wa mkandarasi." Mama akacheka kama msichana.

Wiki mbili baadaye notisi ikafika: nyumba ya mama sasa ni jengo la biashara. Kwa kodi ile, cherehani moja isingefua dafu. Mama angelazimika kuiuza nyumba aliyomlelea mwanawe. Wakili akampigia mthamini.

"Ulikuja kwetu kunywa chai au kupima?"

"Jalada hilo siruhusiwi kulizungumza nawe, mpenzi. Naomba unielewe."

"Nimekuelewa vizuri sana."

Akakata, na tangu hapo hakupokea simu yake tena. Wiki tatu nzima simu iliita, ikanyamaza, ikaita. Yeye akaandika pingamizi la kurasa sita, kila mstari unawaka moto.

Mama alilisoma kwa miwani yake ya kutungia uzi. "Mwanangu, jalada umeliona?"

"Sina haja nalo, mama. Namjua aliyeandika."

"Mbona wale wazee wako huwaambii hivyo?"

Wakili akazikunja zile kurasa sita.

Asubuhi alikuwa wa kwanza dirishani. Karani akamfungulia jalada. Ndani mlikuwa na picha ya duka lenye milango ya vioo, la jirani wa geti la pili, si nyumba ya mama kabisa! Sahihi ya mthamini pia ilikuwa ya mtu asiyemjua. Akafunua karatasi ya chini: Fomu ya Kutangaza Uhusiano. Mwandiko ule aliujua.

*Naomba nisihusishwe na nyumba hii. Uhusiano wangu na mwenye nyumba: mama mkwe, binti yake akiniridhia. Bado sijamwuliza.*

Tarehe ilikuwa Jumatatu, siku moja baada ya ile chai.

"Akishaijaza hiyo haruhusiwi kutamka neno juu ya nyumba yenu," karani akasema, akijizuia kucheka. "Ofisi nzima tunajua, Bibi Pingamizi. Ulibaki wewe tu."

Kabla ya saa sita mkuu wa wathamini alikwishaona kosa la picha, akasahihisha na kugonga muhuri. Wakili alimpigia mama yake, machozi yakimdondokea kwenye kola. "Mama, nyumba imebaki nyumba."

"Ashukuriwe Mungu! Na kijana wangu?"

Kijana wake alikuwa uani mwa ofisi, akifuta vumbi kwenye futi. Alipomwona wakili alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Yaani umeniposa kwa manispaa kabla ya kuniambia mimi!"

"Fomu inadai ukweli wote, wakili. Ningeandika 'rafiki' ningekuwa nimedanganya."

"Wiki tatu nimekutukana moyoni."

"Moyoni tu? Afadhali. Nilidhani hata mahakamani."

Wakili akacheka, kisha akainamisha macho. "Nisamehe. Kila mtu namtaka aangalie jalada kwanza, wewe nikakuhukumu kwa simu."

"Nimekusamehe tangu ile simu ya kwanza uliyoacha kupokea." Akaipachika futi kiunoni. "Sasa nakuuliza mwenyewe, utanikubali? Usijibu haraka. Siku thelathini unazo, kama kila mtu."

Wakili alihesabu kwa vidole, polepole, midomo ikichezacheza. Kitu kizito alichokibeba wiki zote zile kilikuwa kimeshuka, wala hakujua kimeshukia wapi.

"Fomu yako ina siku thelathini na tano tangu uijaze."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kwa mara ya kwanza nimechelewa," akasema, akiushika ule mkono wenye vumbi. "Muda wa kukupinga umeshapita."